Aliyesimama Kando ya Jokofu la Maziwa

Peasley Gore, Vermont
10 Machi 1974

Shangazi Ernestine mpendwa,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili nakuomba ufunge mlango. Usimsomee mtu barua hii, hata Bi. Aurore unayekaa naye, hata padri wako. Ukimaliza itie motoni. Ningepiga simu, lakini unaijua laini yetu, barabara nzima inatumia waya mmoja, na mke wa Harlan Peck husikika akipumua ndani yake hata tukizungumzia hali ya hewa.

Hapa nyumbani hatujambo. Nyonga ya baba inamsumbua, ila sasa anafika zizini bila fimbo. Theluji bado iko usawa wa madirisha. Mama anakusalimu sana na anasema mkutano wa mji mwaka huu ulikosa maharagwe yako ya kuoka, ya Bi. Colburn yalikuwa magumu kama risasi. Natumaini mkono wako uliovunjika unaendelea vizuri na unaweza kushika sindano tena.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kwamba bodi ya shule ilitaka kupandisha kodi ili paa libadilishwe. Mkutano ulifanyika Jumanne katika ukumbi wa chakula wa shule, kama kawaida, na Rejean akasimama kupinga. Ni mwanao, kwa hiyo nitaandika alivyosema bila kuongeza wala kupunguza.

"Mimi nina mtoto hapa," alisema. "Monique yuko darasa la nne, anakaa chini ya ile ndoo inayokinga matone. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sipendi shule. Lakini ninyi mnaotaka paa mnapata mshahara kila Ijumaa. Mimi ananilipa ng'ombe, na ng'ombe hana habari kwamba mmepandisha kodi. Nikilipa hii, nauza msitu wa mepo alioniachia baba, ile miti ninayoigema utomvu wa sukari. Nikishauza msitu, Monique atarithi nini? Paa?"

Watu walicheka, na wengi walipiga makofi. Alizungumza vizuri, Shangazi. Nilifikiri angeshinda.

Dwight Colburn, anayeendesha basi la shule na ambaye yuko kwenye bodi, akapaza sauti kutoka nyuma: "Uza zile bunduki zako, Rejean, utapata paa na dari!"

"Nikiuza bunduki, Dwight, wewe nani atakupiga risasi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dwight mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho.

Harlan, mwenyekiti, aliita kura kwa sauti, lakini ndiyo na hapana zikawa sawa masikioni, akaagiza wanaosema ndiyo wasimame kwanza wahesabiwe, kisha wa hapana. Mimi nilihesabu upande wa kushoto, Dwight upande wa kulia. Nilipomaliza nilivuka nikasimama kando ya jokofu la maziwa kumngoja. Sikupiga kura. Uliponikabidhi mhuri wa ukarani uliniambia karani asipige kura ya kusimama, maana kesho wote watakuja dirishani kwake, na nimelishika neno lako.

Kodi ilipita kwa kura moja.

Rejean alikunja kiti chake taratibu, kama mtu anayesaidia kusafisha ukumbi, akaenda mbele nacho, akampiga Harlan usoni. Nilisikia taya likivunjika. Harlan aliangukia meza ya chakula, na Bi. Colburn akapiga kelele kwa sababu meno yalikuwa ndani ya sufuria yake ya maharagwe. Wanaume wanne walimshika Rejean. Alipotolewa nje mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Harlan amekataa kumshtaki. Anasema wamekuwa majirani tangu utoto.

Baadaye Dwight aliniletea taulo nipanguse damu kwenye karatasi zangu, akanipiga bega. "Asante, kijana. Nilifikiri wewe ni mwoga. Nilikuhesabu wa mwisho, pale kwenye jokofu. Wewe ndiye uliyetupatia paa."

Shangazi, sikuwa nimesimama kwa ndiyo. Nilikuwa nimesimama tu. Dwight hakuiba, alinihesabu kwa moyo safi. Nikiondolewa mimi, kura zinalingana, na hapa kwetu zikilingana hoja imeanguka. Sheria inatoa siku thelathini za kuomba kura irudiwe. Nimeshashika kalamu mara nyingi kumwandikia Harlan, na kila mara ninaona uso wake. Niambie la kufanya.

Mpwa wako,
Lucien

Lewiston, Maine
23 Machi 1974

Lucien mwanangu,

Nimeichoma. Aurore aliuliza ni nini kinanuka, nikamwambia ni bili.

Hapa theluji imeanza kuwa tope na mfereji wa viwanda umejaa takataka. Nashona mashati nyumbani kwa ajili ya duka la kona, si kazi mbaya. Ndege wa Aurore amekufa na tumemzika kwenye chungu cha maua. Ukimwandikia mpe pole, maana alilia siku nzima. Mwambie mama yako siri ya maharagwe ni kuyaloweka usiku kucha, na Bi. Colburn hajawahi kuwa na subira hiyo. Na wewe unakula? Ukiogopa huwa unakonda mpaka masikio yanabaki peke yake.

Umesema alitulia mikono. Naijua mikono hiyo.

Nitakuambia kitu kuhusu mjomba wako, marehemu mume wangu, kwa kuwa wewe ulikuwa mdogo. Siku aliyokosea alikuwa mpole kuliko watu wote. Ungemkuta na kosa lake mkononi, angeinamisha kichwa akuchemshie chai. Siku za kumwogopa zilikuwa zile alizokuwa na haki. Akishajua ana haki, hakuna mlango wala mtakatifu wa kukuokoa. Rejean kapewa damu hiyo hiyo.

Kwa hiyo usimpe haki. Acha siku zipite. Watu watanung'unika, watalipa, paa litawekwa, na mwakani watagombania barabara. Msitu ni miti tu. Mimi ni mama yake na ndivyo ninavyosema.

Mkono umeunga vibaya kidogo. Barafu ni barafu.

Vaa soksi mbili.

Shangazi yako,
Ernestine

Peasley Gore
6 Aprili 1974

Shangazi mpendwa,

Tunamshukuru Mungu tu wazima. Barabara zimekuwa tope, na lori la maziwa linakwama kila asubuhi mlimani kwa Peck. Dada amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Alphonse, na baba hamtui chini. Harlan amefungwa taya kwa waya na anakunywa supu kwa mrija. Nimemwandikia Bi. Aurore kuhusu ndege.

Nilikutii. Siku thelathini ziliisha juzi na sikufungua mdomo. Lakini lazima nikuambie zilivyopita.

Rejean alikuja ofisini kwangu akiwa na kopo la asali ya mepo mkono mmoja na shoka la kupasulia kuni mkono wa pili. Aliviweka vyote juu ya meza yangu, akavuta kiti.

"Dogo," akasema, "wewe ndiye msomi wa ukoo. Hesabu ilikuwa sawa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Dwight alihesabu upande wa kulia. Mimi nilikuwa naangalia. Nilihesabu pia, kwa vidole, kama mjinga. Yeye kapata mmoja zaidi yangu. Mmoja, Lucien. Kwa hiyo nakuuliza wewe, maana wewe huwezi kudanganya, unakuwa mwekundu."

Shoka lilikuwa jipya, bado na karatasi ya dukani kwenye mpini. Nikasema hesabu ilikuwa sawa. Sijui kama nilikuwa mwekundu. Alinitazama kwa muda, kisha akasukuma lile kopo kwangu. "La mama yako," akasema, akaondoka na shoka.

Juma lililofuata mipira yake ya kupitishia utomvu wa mepo ilikutwa imekatika, mteremko mzima, na utomvu unamwagikia theluji katika siku zile zile ambazo mti hutoa zaidi. Alimtangaza Dwight kila mahali. Nilipanda msituni kutazama. Mipira ilikuwa na alama za meno, Shangazi. Ni kindi, kama kila mwaka, ila mwaka huu wamekuwa wengi. Nilimwonyesha kipande.

"Kindi," akasema. "Na kindi huyo anaendesha basi?"

"Tazama meno, Rejean."

"Nimetazama. Ondoka kwenye msitu wangu kabla sijautazama na uso wako."

Kesho yake asubuhi mbwa wa Dwight, yule jike mzee aitwaye Duchess ambaye huwa anapanda naye basi, alikutwa amepigiliwa kwenye mlango wa shule, koo limekatwa, kipande cha mpira kinywani. Alikuwa bado anavuja. Monique ndiye aliyemkuta kwanza kwa kuwa wao wanakaa karibu na huja kwa miguu. Nilipofika alikuwa amesimama mbele ya mlango, mikono mfukoni, halii. Akasema, "Hii ni misumari yetu ya uzio." Mwalimu alimziba mdomo.

Claudette, mke wa Rejean, alikuja dirishani kwangu kulipia leseni ya mbwa wao. Alikuwa amejifunga kitambaa mpaka puani, na alipoinama kutia sahihi niliona shavu lake, jeusi na njano, na jicho limefumba. Nikamuuliza ni nini.

"Niliteleza," akasema. "Barafu."

Hatuna barafu, Shangazi. Tuna tope.

Nisamehe ninachotaka kuuliza, nimekiandika na kukikata mara kadhaa. Ulituambia mkono wako ulivunjika kwa kuteleza kwenye barafu. Lakini ulihama mwezi wa Julai, na mkono ulikuwa umefungwa siku ile ulipopanda basi. Mimi ndiye niliyekubebea begi.

Niruhusu niseme kuhusu kura, hata sasa. Anamchukia Dwight kwa kitu ambacho Dwight hakufanya.

Lucien

Lewiston
30 Aprili 1974

Lucien mwanangu,

Barua yako ilichelewa, ndiyo maana na hii imechelewa. Hongera kwa Alphonse. Namtumia kofia niliyofuma. Ikimbana, kichwa ni cha baba yako na si kosa langu.

Mchukue Claudette na mtoto, waje kwa mama yako. Usimwombe Rejean ruhusa, usimweleze. Nenda wakati anakamua, saa hizo hawezi kuwaacha ng'ombe. Claudette achukue viatu vya mtoto na cheti cha ubatizo. Mengine yote yanapatikana.

Kuhusu kura jibu langu ni lile lile.

Na kuhusu barafu usiniulize tena.

Ernestine

Peasley Gore
20 Mei 1974

Shangazi,

Utanisamehe salamu zitakuwa fupi. Sote tu hai. Claudette na Monique wako hapa kwetu tangu mwanzo wa mwezi. Nilifanya kama ulivyosema, wakati wa kukamua, na Claudette alitembea mpaka kwenye gari bila kugeuka nyuma. Mtoto analala na mama.

Dwight Colburn amepoteza jicho la kulia, na daktari hajui kama atatembea sawasawa.

Ilikuwa Jumatano. Bili za kodi zilikuwa zimetoka Jumatatu. Mimi ndiye niliyezitia mhuri na kuzipeleka posta, na ya Rejean niliishika kwa muda mrefu kuliko zote. Alasiri hiyo basi lilikuwa linarudisha watoto. Kwenye daraja la Mill Brook Rejean alikuwa ameegesha trekta kwa kukingama. Nilikuwa nyuma ya basi katika gari la baba kwa sababu tangu Monique ahamie kwetu nimekuwa nikilifuata kila siku. Nilikuwa nafuata kwa hofu tu, sikuwa na mpango wowote.

Dwight alifungua mlango wa basi na kusema, "Rejean, nina watoto humu. Tuyazungumze kesho."

"Wote wabaki ndani," Rejean akasema. "Dwight, shuka."

"Sishuki."

Alimvuta kwa ndevu. Dwight ni mtu mzito lakini alitoka kama gunia. Rejean alikuwa na ile pini ya chuma ya kuungia trela, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko. Pigo la kwanza lilikuwa la goti, na Dwight akapiga ukelele ambao sitausahau. La pili goti lile lile. Watoto walikuwa wamejazana madirishani. Monique alikuwa anapiga kioo kwa viganja na kuita, "Papa! Papa, tosha!" na yeye hakuinua kichwa.

"Sema uliiba," Rejean alikuwa anamwambia, karibu kwa upole. "Sema tu, nikupeleke hospitali mwenyewe."

"Sikuiba. Nakuapia. Sikuiba."

Alipiga bega. Alipiga mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya gari. Shangazi, miguu yangu ilikataa, na huo ndio ukweli. Kitu pekee kilichotoka ni sauti.

"Alinihesabu mimi!" nilipiga kelele. "Rejean! Alinihesabu mimi kwa makosa! Nilikuwa nimesimama kando ya jokofu, sikupiga kura! Hakuiba, alikosea! Kura zililingana!"

Akaacha. Akageuka kunitazama, pini imening'inia mkononi, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyepewa zawadi.

"Kwa hiyo nilikuwa na haki," akasema.

"Ndiyo. Mwache sasa. Kodi itafutwa. Ulikuwa na haki."

Akacheka. Kisha akamgeukia Dwight, akashika pini kwa mikono miwili, na hapo ndipo jicho lilipokwenda.

Uliniambia. Ulinieleza kwa maneno mepesi kabisa na mimi nilidhani ni maneno ya mama aliyechoka. Nilimpa haki, nikamwona alivyoitumia.

Dereva wa lori la maziwa ndiye aliyetokea upande wa pili akapiga honi mfululizo. Rejean aliitupa ile pini mtoni, akanijia, akasimama karibu hata nikanusa utomvu kwenye koti lake. Akanishika kidevu. "Wewe na mimi bado," akasema. "Miezi yote ulijua." Kisha akapanda mlima kuelekea msituni kwake. Polisi wa jimbo walikuta nyumba wazi, bunduki moja haipo, na ng'ombe wanalia kwa maziwa. Baba na mimi tunawakamua.

Hajaonekana. Wanadhani amevuka kwenda Kanada. Mimi sidhani. Akiumia alikuwa anakimbilia kwako, hata alipokuwa mtu mzima.

Usimfungulie mlango. Nakusihi.

Lucien

Lewiston
3 Juni 1974

Lucien,

Nimepata barua yako. Salamu kwa wote nyumbani.

Rejean hayupo hapa na wala hajafika. Kama angekuwa hapa ningewaambia polisi, kama raia yeyote. Walikuja mara moja wakatazama, wakanywa kahawa wakaenda. Aurore amekwenda kukaa kwa dada yake mtaa wa pili kwa muda, alikuwa anataka kupumzika, nyumba ni ndogo. Nimekuwa nikinunua nyama zaidi ya kawaida kwa kuwa daktari anasema nina upungufu wa damu. Tumbaku niliyonunua ni ya kufukuza nondo kabatini. Nakueleza haya kwa sababu watu wa dukani wana midomo.

Nakwenda misa kila Jumapili ya saa nne kama kawaida, sijazuiwa na kitu. Huko ndiko ninakopumua.

Utauona mwandiko umekuwa mbaya. Niliteleza tena, ni mkono ule ule. Barafu.

Ungekuja Lewiston, Lucien. Ingefaa uje, uje peke yako, uje nyumbani tuzungumze habari za ile hesabu kama jamaa. Kama Rejean angekuwa hapa angependa sana kuzungumza na wewe. Asingekuwa na hasira.

Mwambie Monique kwamba baba yake, popote alipo, anasema alikuwa na haki.

Shangazi yako,
Bi. Ernestine Desrochers

Peasley Gore
8 Juni 1974

Shangazi mpendwa,

Barua hii haiji kwa posta ya nyumbani kwako. Nimempelekea Bi. Aurore kwa dada yake, na atakupa mkononi ndani ya kitabu cha nyimbo. Isome ukiwa umekaa, kisha irudishe kwenye kitabu naye atajua la kufanya nayo. Usiibebe. Usimwambie mtu, hata kwa huruma, hata akilia.

Mama anakukumbatia. Alphonse amevaa kofia yako na haikumbana. Dwight ameanza kula, na alipoambiwa habari ya jokofu alimwambia mkewe, "Lakini nilimwona amesimama." Sijapata usingizi tangu niliposikia hayo.

Jumanne iliyopita Harlan aliitisha mkutano. Anazungumza kwa meno yaliyofungwa, na hakuna aliyecheka. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema nilivyohesabiwa na nilivyonyamaza. Mzee mmoja alinitemea mate kwenye viatu. Bi. Colburn aliniuliza kama nilijua siku ile mbwa alipokutwa mlangoni, nikasema ndiyo, akanipiga kofi, na lilikuwa la haki. Ingawa siku thelathini zimepita, bodi imekubali kuifuta kura ya kodi, na itarudiwa mwezi ujao kwa karatasi, ndani ya sanduku. Claudette anasema atapiga ndiyo. Anasema Rejean aliyasema ya kweli kuhusu ng'ombe na kuhusu msitu, kila neno, na yeye atapiga ndiyo. Mhuri nimemrudishia Harlan.

Nimesoma barua yako ya mwisho mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Tangu nizaliwe hujawahi kuniandikia bila kuniita mwanangu pale juu, isipokuwa siku hiyo. Na hakuna barafu Lewiston mwezi wa Juni.

Sijaogopa kitu maishani kama ninavyoogopa hili ninalokuandikia. Polisi nimewaambia, lakini nimewaomba wasikaribie nyumba ukiwa ndani, maana ana bunduki na ana haki. Wamekubali kungoja mpaka uwe nje. Kwa hiyo yote yanategemea misa ya Jumapili ya tarehe kumi na sita.

Njoo kama unavyokuja siku zote, na ule mkoba mdogo tu. Usichukue picha za ukutani, ataona nafasi zake. Ukiwa na cheti chako cha ubatizo kifiche ndani ya nguo. Uliniambia mwenyewe mengine yote yanapatikana. Acha sufuria motoni, moto mdogo, ili adhani unarudi. Kaa upande wa kulia, safu ya Bi. Aurore.

Akikuacha uje peke yako, wakati wa komunyo usirudi kwenye benchi lako. Pita mlango wa pembeni kwenye mishumaa. Nje kuna gari la baba, lile la kijani lenye mlango mmoja mweupe, injini itakuwa inawaka, na mama atakuwa kwenye usukani. Ingia nyuma ulale chini.

Akija pamoja nawe, usitoke. Nenda mbele kwa padri, piga magoti pale altareni ukae hapo hapo hata misa ikiisha. Padri ameshaambiwa na askari wawili watakuwa kwenye kwaya bila sare. Usigeuke ukisikia nimeitwa. Atanitaka mimi, na nitakuwa mbali nawe.

Usipofika kabisa, nitapanda ngazi za nyumba yako mwenyewe, kwa hiyo nakuomba ufike.

Ukitaka kuniona kwanza ili moyo utulie, geuza kichwa taratibu wakati wa mahubiri, utazame nyuma kabisa, kushoto, karibu na beseni la maji ya baraka. Watu wote watakuwa wamekaa. Mimi nitakuwa nimesimama.